Namna ya kubadilishana Land Rover uliyoishia njiani kwa kamera na lenzi

Land Rover za Series II, IIA na III, zile 88 na 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) zilizotoka kiwandani kati ya 1958 na 1985, bado zimo katika nyua nyingi za Arusha, Moshi, Iringa na Dar es Salaam. Nyingi hazitembei. Mwenyewe alianza kuifufua kwa moyo wote, akavua bodi, akashusha injini, akaanza kuchomelea chasisi, kisha ada za shule, ujenzi au uhamisho wa kazi ukamkatiza. Gari likabaki juu ya matofali na turubai juu yake.

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, hasa kama siku hizi moyo wake umehamia kwenye kupiga picha za ndege na wanyama na anatafuta kamera na lenzi ndefu. Nitaeleza kwa mfano huo, lakini hatua ni zilezile hata kama unachotaka ni mashine za useremala au vyombo vya muziki.

Kwa nini kubadilishana, si kuuza? Ukiitangaza kwa fedha taslimu, wa kwanza kupiga simu ni wanunuzi wa chuma chakavu. Kinachowavuta ni bodi. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza, kampuni ya Rover ikaamua kuunda bodi ya Land Rover kwa mchanganyiko wa aluminiamu. Leo aluminiamu hiyo inapimwa kwa kilo, gari linakatwa vipande, na hakuna atakayelirudisha tena barabarani. Inaniuma kila ninapoliona jambo hilo, maana mara nyingi gari lenyewe lilikuwa linaokoka.

Upande wa pili yupo mpiga picha mwenye shida inayofanana na yako. Mwaka 2018 Nikon na Canon zilianza kuhamia kwenye kamera zisizo na kioo ndani, zenye mdomo mpya wa lenzi, na wapiga picha wengi wakahama nazo. Kamera zao za zamani na lenzi zake zimebaki kabatini zikiwa nzima kabisa, ila sokoni wanatajiwa bei ya kuwavunja moyo. Ninyi wawili mna vitu vyenye thamani ambavyo soko la fedha taslimu halivitendei haki, na hapo ndipo kubadilishana kunapoleta maana.

Hatua ya kwanza: liachie lote

Amua mapema kwamba gari linaondoka na kila kilicho chake. Usibakize usukani kwa kumbukumbu, wala gia boksi ya akiba ukisema utaiuza peke yake baadaye. Anayechukua mradi haogopi kazi kubwa, kwa sababu chasisi inachomelewa na injini inafunguliwa. Kinachomkwamisha ni vidogo: bawaba za kioo cha mbele, sehemu za juu za milango, vishikio, vibati vya kushikilia waya. Ukimpa vyote hivyo, umempa gari. Ukivibakiza, umempa chuma, naye atakulipa bei ya chuma.

Hatua ya pili: nyaraka kabla ya boliti

Hapa ndipo mabadilishano mengi yanapofia, kwa hiyo anza hapa hata kama gari limetawanyika.

Kwa Tanzania, tafuta kadi ya gari uone jina lililoandikwa. Kama ni lako, vizuri. Kama ni la marehemu baba, huwezi kumhamishia mtu mwingine kwa maneno ya kifamilia. Anayeweza kutia saini ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, na ndugu wengine wakijua mapema utaepuka ugomvi mbele ya safari. Kama lilinunuliwa mnadani kutoka idara, misheni au shirika na jina halikubadilishwa, tafuta hati ya mnada na risiti. Kama kadi imepotea, chukua taarifa ya upotevu polisi, kisha uombe kadi nyingine TRA. Gari lililolala miaka mingi huenda bado lina namba za mfumo wa zamani, kabla ya hizi zinazoanza na T. Nenda TRA ukaulize hali yake kwenye mfumo kabla hujamwahidi mtu lolote.

Kenya hati yenyewe ni logibuku, na uhamisho unafanyika kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: mwenye gari anaanzisha, anayepokea anakubali. Sheria ya usafiri barabarani ya huko inampa mwenye gari siku 7 za kutoa taarifa kwamba gari limebadili mikono, na gari halitakiwi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya kuandikishwa kwa jina jipya.

Baada ya hati, shuka chini ya gari. Namba ya chasisi ya Land Rover hizi imegongwa kwenye kishikio cha springi ya mbele upande wa kulia, na kuna kibati chenye namba hiyohiyo ndani ya kebini. Sugua kwa brashi ya waya, piga picha, linganisha na kadi. Tarakimu za mwanzo ndizo zinazosema gari ni la aina gani, kwa hiyo mtu anayezijua Land Rover ataziulizia kwanza. Angalia na namba ya injini. Land Rover nyingi za kwetu zilishawahi kuwekewa injini ya Toyota, Nissan au Isuzu, na mara nyingi kadi haikurekebishwa. Hilo si kosa la kuficha, ila ni kazi ambayo mmoja wenu ataifanya, na ni lazima mkubaliane ni nani.

Onyo moja kwa walio karibu na mpaka: badilishaneni ndani ya nchi moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania inatoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Gari la 1974 likivuka Namanga au Holili kubadilishwa kwa kamera, gharama na usumbufu vitameza faida yote.

Hatua ya tatu: orodha

Tenga siku nzima, mtafute kijana wa kukusaidia, mtoe kila kitu nje. Panga kwa makundi: injini, gia boksi, difu na ekseli, breki, umeme, bodi, viti. Kila kundi liwe na boksi au ndoo yake, na karatasi ya jina iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki ili unyevu usiifute. Boliti za gari hili ni za inchi, si za milimita, kwa hiyo hata zikionekana zimechakaa usizitupe. Zioshe kwa dizeli, zitie oili, ziweke kwenye kopo na kundi lake.

Kisha andika daftari lenye safu tatu: kilichopo na kizima, kilichopo kikihitaji kazi, kisichopo. Safu ya tatu ndiyo itakayokujengea heshima. Mtu akisoma "kioo cha taa ya kushoto hakipo, mota ya waipa haipo, breki masta ipo lakini inavuja", anaamini na yale mengine uliyoandika. Piga picha kila kundi. Kama wakati wa kufungua ulipiga picha za waya na mabomba yalivyopita, ziweke pamoja. Kwa atakayefunga upya, picha hizo zina thamani kuliko rangi mpya.

Hatua ya nne: sema ukweli wa chuma na injini

Bodi haishiki kutu, lakini chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na kebini nao ni wa chuma. Hapo ndipo gari linapooza. Gonga chasisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholika kinatoa sauti ya kufa au kinatoboka. Angalia zaidi chuma kilichokingama nyuma kabisa, mikono inayotoka pembeni kubeba bodi, na sakafu ya miguu ya dereva na abiria. Aluminiamu nayo si salama kila mahali: inapogusana na chuma na maji yakaingia kati, inageuka unga mweupe. Inua vipande utazame kingo zake.

Kama kuna sehemu zilizojazwa puti, zikwangue au uziseme. Sumaku haishiki aluminiamu, lakini mnunuzi aliye nayo hawezi kudanganywa kuhusu chasisi na ukuta wa chuma, na akikukamata kwa jambo moja dogo atashuku yote.

Injini ya kawaida ya petroli ya gari hili ni ya silinda nne na sentimita za ujazo 2,286. Kabla ya kusema "nzima" au "imekamata", toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, iache ikae siku kadhaa, kisha uizungushe kwa mkono. Land Rover hizi zilitoka na hendeli ya kukunjia mbele, na kama unayo ndiyo kipimo kizuri zaidi. Ikizunguka, chukua video fupi. Isipozunguka, andika hivyohivyo na uishie hapo. Usilazimishe kwa nguvu, utavunja ringi na kumharibia mwenzako injini iliyokuwa inaweza kuokolewa.

Hatua ya tano: thamani

Hela uliyokwisha kutia haihesabiwi. Najua inauma, hasa kama risiti zimejaa droo, lakini anayekuja anabeba kazi iliyobaki, hanunui kazi iliyopita. Hesabu inakwenda kinyumenyume.

Anza na bei ya Land Rover kama hiyo ikiwa kamili na inatembea, kwa kuuliza watu waliouziana hivi karibuni, si bei za matangazo. Mfano tu wa kukokotoa: tuseme milioni 18. Mlete fundi, aangalie, akupe makadirio ya kumalizia: chasisi milioni 2.5, injini 3, breki na waya 1.5, rangi 2.5, vifaa vidogo 1. Jumla 10.5. Inabaki 7.5. Sasa toa fungu la mashaka, kwa sababu kila mradi wa gari la zamani huzidi makadirio. Robo ya gharama iliyobaki ni kiasi cha haki, hapa kama 2.6. Unabaki na karibu milioni 4.9. Hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo mezani.

Kamera nayo ihesabiwe vivyo hivyo: bei ya leo ya kitu kilichotumika, si bei ya dukani siku kilipokuwa kipya. Uliza maduka ya Kariakoo wangeuza kwa kiasi gani, tafuta na matangazo ya waliotumia, uchukue katikati. Tofauti ikitokea, mmoja anaongeza pesa juu. Mimi napendelea nyongeza iwe ndogo. Ikikaribia nusu ya thamani, hayo tena ni mauzo yenye kitu kilichodandia, na kila mmoja angekuwa huru zaidi akiuza cha kwake.

Hatua ya sita: mtafute anayestahili

Usitangaze kila mahali. Nenda kwa watu wa Land Rover. Arusha wapo kwa wingi miongoni mwa waongoza watalii na mafundi wao, na tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 lililokusanya mamia ya magari pale lilionyesha jinsi watu walivyo na mapenzi nayo. Waongoza watalii haohao ndio wenye kamera na lenzi ndefu. Wengi wanapiga picha mbugani kila wiki, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kamera iliyokaa bure na hamu ya gari la zamani.

Tangazo liwe la mtu anayejua anachosema. Hakikisha kwanza aina: kama kipimo cha mwendo kiko katikati ya dashibodi ni Series II au IIA, kama kiko mbele ya dereva ni III. Mfano wa maneno:

"Natoa Land Rover 109 Series III, petroli, mradi ambao haujakamilika. Kadi ipo kwa jina langu, namba ya chasisi inasomeka na inalingana. Bodi imevuliwa, chasisi imechomelewa nusu ya nyuma, mbele bado. Injini ya asili inazunguka kwa mkono, haijawashwa. Orodha kamili ya vilivyopo na visivyopo pamoja na picha nitakutumia. Natafuta kamera ya Nikon au Canon yenye lenzi ya milimita 400 au zaidi, katika hali nzuri. Gari liko Moshi, njoo ulione mchana."

Atakayejibu "Habari kaka, bei ya mwisho?" bila kuuliza lolote la gari, mjibu kwa adabu na usimsubiri. Atakayeandika "Shikamoo mzee, naomba picha ya ukuta wa mbele upande wa dereva, na je, milango ya juu ipo?" huyo mtumie daftari lote. Muulize anakusudia kulifanyia nini na fundi wake ni nani. Si haki yako kumpangia, lakini jibu lake litakuonyesha kama gari linakwenda kufufuliwa au kuchinjwa.

Hatua ya saba: kagua kamera kama yeye anavyokagua chasisi

Usiridhike na picha nzuri alizopiga nayo. Omba vitu viwe mezani mchana, una tochi na memori kadi yako.

Anza na lenzi, kwa sababu ndiyo yenye thamani zaidi na ndiyo huharibika kimyakimya. Lifungue lote tundu linaloingiza mwanga, mulika tochi upande wa nyuma huku ukitazama kwa mbele, kisha geuza. Vumbi chembe chache si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando, hiyo ni fangasi. Unyevu wa Pwani unaipenda sana, na lenzi iliyoishi Dar, Tanga au Mombasa ndani ya begi la kitambaa ni ya kutiliwa shaka mpaka uthibitishe. Fangasi hula mipako ya kioo, kusafisha ni ghali, na mara nyingi alama hubaki. Hapo mimi ningeiacha, hata kama bei inavutia.

Zungusha pete zote, usikie kama kuna mchanga. Washa otofokasi, lenga karibu kisha mbali mara nyingi, kwenye mwanga na kivulini. Kama ina kizuia mtikisiko, kiwashe, tazama kama picha kwenye kitafutio inatulia na kama kuna mlio wa kukwaruza. Kisha piga kitu chenye maandishi madogo, mathalani ukurasa wa gazeti ulioubandika ukutani, tundu likiwa wazi kabisa, na ukuze pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu kuliko nyingine, huenda lenzi ilianguka.

Kwenye kamera, uliza shata imefyatua mara ngapi. Kwa Nikon idadi hiyo imo ndani ya faili la picha yenyewe: piga moja kwenye kadi yako, uisome kwenye kompyuta. Kwa Canon nyingi haimo, unahitaji programu na waya wa USB. Ilinganishe na uwezo aliotaja mtengenezaji. Nikon D500, kwa mfano, shata yake ilijaribiwa kwa mara 200,000. Kamera iliyopita kiasi hicho bado inaweza kufanya kazi, ila bei yake isiwe ya kamera changa. Piga anga au ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu likiwa dogo, uone uchafu kwenye kihisi, kile kibati cha ndani kinachonasa picha. Jaribu kila kitufe, milango yote miwili ya kadi, na betri zote ulizoahidiwa.

Mwisho, namba ya siriali chini ya kamera ilingane na iliyo ndani ya faili la picha, na ya kwenye boksi au risiti kama zipo. Kitu cha wizi kitachukuliwa mikononi mwako, na Land Rover itakuwa imekwisha ondoka.

Hatua ya nane: mkataba

Sheria za mauzo ya bidhaa za Tanzania na Kenya zinaeleza mauzo kuwa ni kutoa mali kwa bei ya fedha. Kubadilishana kitu kwa kitu kunaangukia kwenye sheria ya mikataba, kwa hiyo maandishi yenu ndiyo yatakayowalinda. Nendeni kwa wakili, kila mmoja na mashahidi wake.

Andikeni thamani ya fedha ya kila upande, hata kama hakuna shilingi inayopita. Ina kazi mbili: TRA watahitaji thamani ya gari wakati wa uhamisho, na likitokea tatizo mnajua nani anamdai nani kiasi gani. Wekeni namba ya chasisi, ya injini na ya usajili, namba za siriali za kamera na kila lenzi, na daftari la orodha kama kiambatisho kilichotiwa saini kila ukurasa. Tajeni nani analipa gharama za uhamisho, kwa kipindi gani, na nani anarekebisha namba ya injini kama hailingani. Gari liandikwe kwamba linatolewa kama lilivyo na haliwezi kutembea. Kamera, kwa kuwa ni kitu kinachofanya kazi, muipe muda wa majaribio, mathalani wiki mbili, na muandike kitakachofanyika ikishindwa ndani ya muda huo. Kila mmoja awe na TIN yake.

Hatua ya tisa: kukabidhiana

Vyote viwili vibadilishe mikono siku ileile, mahali gari lilipo. Gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba barabarani, hata kwa kilomita moja. Litafutiwe lori au brekidauni ya kubeba, chasisi ifungwe kwa minyororo, na injini iwe imefungwa peke yake isibingirike juu ya bodi. Aluminiamu ni laini, kwa hiyo milango na boneti vipakiwe vimesimama, na matandiko katikati. Wakati wa kupakia, mmoja anasoma daftari kwa sauti, mwingine anaweka alama kwa kila boksi linalopanda. Kazi hiyo isiharakishwe hata kama dereva wa lori ananung'unika.

Baada ya hapo, fuatilia uhamisho wa jina mpaka uone kadi mpya au uthibitisho wake. Gari likiendelea kusomeka kwa jina lako, faini na matatizo yake vitakutafuta wewe. Tunza nakala ya mkataba. Mpe mwenzako ruhusa ya kukupigia simu wakati wa kufunga waya na gia boksi, kwa kuwa atakwama mahali ambapo wewe ndiye uliyefungua. Lenzi yako nayo, ukifika nayo nyumbani, itoe kwenye begi, iweke ndani ya boksi la plastiki linaloziba vizuri pamoja na vipakiti vya silika, na uvikaushe au kuvibadilisha kila vinapolowa, hasa masika.